Mikono Mapajani Kabla ya Kufuta

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za chumba cha mashine, na wenzangu mliobaki mmeniomba niwaandikie habari za miaka yangu ya kazi. Nadhani mlitaka historia ya ofisi. Hiyo imo kwenye mafaili, na mafaili yanaliwa na mchwa, kwa hiyo anayeitaka awahi. Mimi nitaandika habari ya swali moja tu, lile ambalo mashine yetu inauliza kabla ya kufuta diski, na ambalo kila mfanyakazi mpya hulilalamikia kwamba ni refu. Nataka mjue limetoka wapi. Mkishajua, mkitaka kulifupisha, fupisheni, lakini mtakuwa mmenisikia.

Niliingia kazini Chake Chake miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi, nikiwa nimefunzwa kupiga chapa na si zaidi ya hapo. Kazi ya idara yetu ilikuwa kuhamisha kumbukumbu za vizazi vya Pemba kutoka kwenye madaftari ya zamani kwenda kwenye kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa mbili, zimefunikwa vitambaa vilivyodariziwa maua na mke wa Mzee Nassor. Mzee Nassor alikuwa mtu wa Madungu, fundi wa redio na taipureta, ambaye serikali ilimpa mashine hizi kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyethubutu kuzifungua. Watu wake walikuwa na mashamba makubwa ya mikarafuu zamani. Yeye alibakiwa na bisibisi na hasira ndogo ndogo.

Siku ya kwanza nilikaa mbele ya kioo cheusi, nikanyoosha vidole kama tulivyofundishwa chuoni.

"Mwanangu, weka mikono mapajani," akasema.

Nikadhani ananifunza adabu. Nikaiweka.

"Hii mashine ikikuuliza neno, mikono yako iwe hapo hapo. Soma kwa sauti mpaka mwisho. Kisha nambie kwa Kiswahili inataka n'ni. Halafu ndo uguse."

Wiki mbili sikuruhusiwa kugusa kitufe bila kusoma kwa sauti. Nilikuwa najua Kiingereza cha shule, lakini cha mashine kilikuwa cha mkato na cha ukali, na wapita njia walisimama dirishani wakidhani nasoma dua ya kuondoa nuksi. Nilimchukia Mzee Nassor wiki hizo mbili. Nasema hivyo kwa sababu nyinyi nanyi mlinichukia mimi, na sikuwalaumu.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi. Kibetri cha kushika umeme, ambacho kilikuwa kikilia kabla umeme haujakatika na wakati mwingine badala ya kukatika. Brashi ya kupakia rangi, ya kufagilia vumbi ndani ya mashine. Na flopi, vile vibao vyembamba vya plastiki tulivyokuwa tukiwekea nakala za akiba, tulizozihifadhi kwenye mkebe wa biskuti wenye mchele mkavu ndani ili mchele unyonye unyevu. Mchele ule ulipotea mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa Ramadhani. Hatukuuliza.

Mwaka ule ule aliajiriwa Faki Kombo, kijana wa Gando. Sijapata kuona mtu mwenye adabu kama Faki. Nitawapa mfano mmoja, maana ndio kiini cha habari yote. Asubuhi moja alifika ofisini, akamsalimia kila mtu. Umeamkaje, salama. Kwako kwema, kwema. Mzee hajambo, hajambo. Bi mkubwa naye, kwema. Alizunguka chumba kizima, akafika kwa mkuu wetu, akaitikia salamu zote, kisha ndipo akasema: "Kwema, ila mama hatunaye tangu alfajiri. Nimekuja kuomba ruhusa nikazike."

Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo tulivyolelewa sote. Mtu akikuuliza, unaitika kwema kwanza, maana kuitika ni heshima ya aliyeuliza. Taabu yako ina nafasi yake, inakuja baadaye, kwenye "ila". Na aliyekuuliza anajua, anangoja.

Mfanyakazi wa nne alikuwa Bi Time Hamad, aliyepewa madaftari ya Micheweni. Madaftari kumi na moja. Mchwa walikuwa wameshayaingia, na sijui kwa nini mchwa hupenda kula pale penye jina na kuacha pale penye sahihi ya karani. Bi Time aliyaingiza kidogo kidogo kwa karibu miaka mitatu, akivaa miwani ya mumewe. Kurasa zilizokuwa taabani kabisa, akishazimaliza zilikuwa zinabaki unga mkononi. Yote aliyoyaandika yalikaa kwenye diski kubwa ya ndani ya mashine ya pili, ambayo mashine yenyewe iliita D.

Miaka ile karatasi ya kuzaliwa haikuwa karatasi tu. Kila mtu alikuwa akimwuliza mwenziwe wewe ni wa wapi, umezaliwa wapi, nani shahidi wako, na uchaguzi ukikaribia maswali yalizidi. Watu wa Micheweni walikuja hadi Chake kututazama tu, kuona kama majina yao kweli yameingia. Bi Time alikuwa akiwageuzia kioo wajisome.

Siku ya mkasa Mzee Nassor hakuwepo, alikwenda maziko. Ilikuwa asubuhi ya saa tatu, umeme upo, wageni wa Micheweni wanaingia na kutoka, hakuna haraka yoyote. Faki alikuwa akitayarisha flopi mpya, kuzisafisha moja moja ili jioni tutoe nakala ya akiba ya Micheweni, maana za zamani zilikuwa zimeota ukungu. Naomba mlisome hilo vizuri: alikuwa akitayarisha akiba. Kila akimaliza flopi moja mashine ilimwuliza, nyingine tena? Naye anabonyeza Y, kuitika. Flopi ya pili, Y. Ya tano, Y. Akasimama kidogo kutazama D imejaa kiasi gani ajue zitahitajika flopi ngapi, kisha akarudi kuandika ile amri ya kusafisha upya. Akaandika D pahala pa A, herufi ya flopi. Na akaongeza ile alama ya kufuta moja kwa moja, isiyobakisha njia ya kurudi, kwa sababu flopi zetu bila alama hiyo zilikuwa zinagoma.

Mashine ilimwuliza. Mimi sikuwapo kwenye kiti kile, lakini swali lile nalijua kwa moyo. Lilisema kwa herufi kubwa kwamba data yote kwenye diski hii isiyotoka itapotea, niendelee? Y au N.

Nilikuwa meza ya pili, nikasikia Faki anasema, "Bi Time, mbona hii flopi inachukua muda?"

Bi Time alinyanyuka, akatazama kioo, akakaa chini sakafuni. Alivua ile miwani, akaifuta kwa ukaya wake wa kichwani, akaivaa tena, akatazama tena.

Habari ilifika Micheweni kabla ya adhuhuri. Mpaka jioni ilikuwa imeshavaa nguo za siasa. Watu wa chama hiki walisema Faki katumwa na kile awafute watu wa kaskazini, na wa chama kile walisema katumwa na hiki ili wao wasingiziwe. Faki mwenyewe alikuwa mtu wa mpira. Mkuu wetu alimwita, akamwuliza kwa nini ulibonyeza ndiyo. Faki akasema sentensi moja tu, na ikamponza: "Iliniuliza, nami nkaitika."

Wakamwona anafanya mzaha. Akaondolewa chumba cha mashine, akapelekwa stoo kuhesabu rimu za karatasi, na ikaandikwa kwamba asiguse kompyuta. Mtaani akaitwa Mfutaji. Alikuwa bado hajaoa, na posa yake moja ilirudishwa kwa jina hilo. Mimi niliona kwa macho yangu mtu akipita upande wa pili wa njia ili asimpe salamu, Faki, ambaye hakuwahi kumnyima mtu salamu. Niliumia, na niliapa mambo mawili: kwamba majina ya Micheweni yatarudi, na kwamba Faki atarudi kwenye kiti kile. La kwanza wenzangu waliliona gumu. La pili waliliona upuuzi.

Mzee Nassor aliporudi hakumtukana mtu. Alikaa mbele ya mashine, mikono mapajani, muda mrefu.

"Nusu ya kosa langu mie," akasema. "Diski hii sikuipa jina. Ingekuwa na jina, mashine isingeuliza ndiyo ama siyo. Ingelisema, andika jina la hiki unachotaka kukifuta. Yule kijana angeandika n'ni? Angetafuta jina, akili ingerudi."

Ndipo nilipojua kwamba mashine ile ilikuwa na swali la pili, bora kuliko la kwanza, na ilikuwa haiulizi kwa kuwa sisi hatukujaza nafasi moja ya herufi kumi na moja. Siku hiyo hiyo tuliipa diski tupu jina MICHEWENI. Diski tupu yenye jina la wilaya nzima. Bi Time alisema inamtia huzuni, nikamwambia tutaijaza.

Tukaenda Micheweni, mimi na yeye, na mabaki ya madaftari kwenye sanduku la bati. Tulikwenda na kurudi kwa miezi. Palipoliwa na mchwa tuliuliza watu. Wakunga walikuwa hazina yetu: hawakumbuki mwaka, lakini hawasahau nani alimfuata nani. "Huyu na wa jirani walipishana siku mbili, na maji ya moto yalikuwa ya sufuria moja," mmoja alituambia, na kwa sufuria ile tukapata watoto wawili. Wengine tuliwafuata ufukweni, wakianika mwani juu ya mawe, wakatujibu bila kuinua kichwa. Wapo waliotufukuza. Mwanamme mmoja alitwambia, "Mshatufuta, sasa mwataka tuwaandikie nyiye tena?" Tulirudi kwake mara nne. Mara ya nne alitupa majina ya wanawe saba, na tende.

Sheha wa hapo, Mzee Bakari, alituita barazani kwake siku moja mbele ya watu wengi. Nilidhani anataka kutusema.

"Yule Faki," akaanza, "siku ile mie ndiye nliyekuwa mbele yake. Nlikuja kujitazama jina langu. Nkaingia, nkamsalimia. Kijana kantikia zote, hakuruka hata moja. Nkamuuliza mama, kanambia keshatangulia, nkampa pole, tukaanza tena. Na huku kidole chake chabonyeza. Nlikiona. Ikiwa kuna aliyewafuta, ni salamu zangu mie."

Mtu akasema nyuma, "Angenyamaza basi, akatazama kazi yake."

"Angeninyamazia, leo mngesema ntoto yule hana adabu," akajibu sheha. "Kisha mngemwita n'ni?"

Mimi nilishika sanduku langu la bati, na nikaelewa ile sentensi ya Faki. Hakuwa akifanya mzaha wala hakuwa mzembe kuliko sisi. Aliulizwa asubuhi nzima na watu na mashine, na wote aliwapa heshima moja. Kwetu ukiitika kwema bado una nafasi ya "ila". Mashine haikungoja "ila" yake.

Nilimwandikia mkuu wetu maelezo ya sheha, kurasa mbili, kwa taipureta ili zisipotee. Alizisoma, akasema ni kisa kizuri. Faki akabaki stoo.

Majina yalirudi. Hayakurudi yote, na nisiwadanganye, ziko nafasi kwenye Micheweni ambazo mpaka leo zimebaki wazi na nazijua kwa namba. Lakini yalirudi mengi kiasi cha Bi Time kukubali kustaafu. Siku aliyoondoka alimpitia Faki stoo, akampa ile miwani ya mumewe. Faki aliivaa miaka.

Kisha zikaja mashine mpya, na nikapelekwa kusomea. Huko nikakuta jambo la ajabu. Hizi mpya zilikuwa na nguvu zaidi, na kwenye dirisha jeusi la amri, hazikuuliza kabisa. Ukiandika futa, inafuta, na ikimaliza haikwambii hata ahsante. Mwalimu alisema zimetengenezwa kwa watu wanaojua wanachokifanya. Nikamwuliza watu hao wako wapi, niwaajiri. Darasa lilicheka, yeye hakucheka.

Nikarudi Chake na nia moja. Niliandika programu ndogo ya kusimama mlangoni mwa amri ya kufuta, mtu asipite bila kuulizwa. Mara ya kwanza niliandika "Una hakika?" na nikaifuta mwenyewe, maana mtu akiulizwa ana hakika anasema anayo. Nikaweka "Andika NDIYO kwa herufi kubwa." Baada ya wiki vidole vya kila mtu vilikuwa vimeshazoea kuandika NDIYO kwa herufi kubwa. Nikaongeza swali la pili, wakazoea mawili. Kila nililoliweka waliliitikia.

Ndipo nikashuka stoo na karatasi na kalamu. Mzee Nassor alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu. Faki alikuwa ameketi juu ya maboksi, nywele zimeanza mvi.

"Kwema, Bi Zuwena?"

"Kwema. Nataka uniandikie swali."

"Mie? Mie naambiwa nsiguse."

"Kalamu hujakatazwa."

Alikataa siku tatu. Nilishuka siku tatu. Ya nne nilimkuta ameshaandika, nyuma ya karatasi ya kupokelea rimu. Hakuandika swali la ndiyo au siyo. Aliniambia mashine ifungue diski kwanza, itoe majina matatu ya watu waliomo ndani, iyaonyeshe, kisha iseme hivi:

*Usiniitikie. Nijibu. Humu mna watu wa wapi?*

Na mtu akijibu pahala pengine, iseme:

*Siwo. Toa mkono.*

"Majina ya nini?" nikamwuliza.

"Mie nlifuta D," akasema. "Ingekuwa imenambia ni kina nani, nsingeweza. Hata kama nna mgeni."

Niliiandika kama alivyosema, neno kwa neno, na nikaongeza kwamba baada ya jibu mashine ingoje hesabu ya thelathini haipokei kitu, ili mikono irudi mapajani. Hilo la mwisho ni la Mzee Nassor. Kisha nikamwendea mkuu wetu, wa tatu tangu yule wa mwanzo, nikamwambia programu hii lazima ijaribiwe na mtu aliyewahi kufuta diski kwa makosa, na kwenye jengo hili ni mmoja tu aliyekiri. Alinitazama sana. Nikamwambia nitakaa mlangoni mpaka atie sahihi. Nilikaa. Alitia baada ya sala ya adhuhuri.

Faki alipanda juu akiwa amevaa miwani ya Bi Time. Tuliweka diski ya majaribio yenye nakala ya Micheweni. Akaandika amri ile ile ya kufuta. Yakatoka majina matatu, na swali lake mwenyewe likamtazama. Aliweka mikono mapajani. Akasoma majina yale kwa sauti, moja moja, mpaka la tatu. Nami nililia, sioni haya kusema. Baada ya siku ile hakurudi stoo. Alifanya kazi kwenye kiti kile mpaka alipostaafu, miaka mitatu kabla yangu, na jina la Mfutaji watu walilisahau, au waliona aibu kulitaja.

Sasa nawaambia jambo ambalo hamlijui, na ndilo lililonifanya niandike. Wiki yangu ya mwisho, mlipokuwa mnanitayarishia ile keki, nilikuwa nahamisha kumbukumbu kwenda kwenye seva mpya na kusafisha diski za zamani. Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote. Nilitaka kusafisha diski ya Gando, ambayo nakala zake mbili zilikuwa salama. Mlango ulikuwa wazi, mnapita, mnanisalimia, mnanitania kwamba nitafanya nini nyumbani, nami nawajibu mmoja mmoja. Yakatoka majina matatu kwenye kioo. Sikuyasoma. Mimi, niliyewachosha na kusoma kwa sauti, sikuyasoma. Nikaandika GANDO.

*Siwo. Toa mkono.*

Ilikuwa Micheweni. Nakala yake mpya ilikuwa bado haijathibitishwa. Nilitoa mkono. Nilikaa hivyo mpaka mmoja wenu akaniuliza kama naumwa, nikamjibu kwema.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu Faki, Gando.

"Umeshindaje, Bi Zuwena?"

"Salama. Kwako kwema?"

"Kwema. Wajukuu wazima?"

"Wazima. Na wako?"

"Wazima, wanacheza hapa. Kwema lakini?"

"Kwema," nikasema. "Ila."

Akangoja. Nikamweleza yote, mpaka nilichokiandika na nilichojibiwa.

"Na mkono ukautoa?" akauliza.

"Niliutoa."

Nilimsikia akivuta pumzi, na watoto wakicheka nyuma yake.

"Basi kwema kweli," akasema Faki.